Unywele Mmoja

Bonde la Spiti, Januari. Maji ya ndoo yameganda,
na mimi, Vaijayanti wa Pune, mwalimu wa fizikia,
nimepanda huku na kalamu ya leza, betri nne, kibanio cha nguo,
na kiburi changu, ambacho hakikulipiwa mzigo.

Watawa kumi na saba wamekaa sakafuni,
majoho ya rangi ya ini,
kila neno linatoka mdomoni na moshi wake.

"Naomba unywele," nikasema. "Mmoja tu."
Kimya. Kisha kicheko kikatikisa dirisha:
vichwa kumi na saba vimenyolewa,
vinang'aa kama mayai kwenye trei.
Nikajing'oa wangu. Uliuma.
Ulikuwa mweusi ncha, mweupe shina.

Nikaubana, nikawasha leza.
Mlitarajia kivuli ukutani? Kivuli hakuna.
Kuna shanga: nyekundu, giza, nyekundu, giza,
zimetungwa kwenda kushoto na kulia.
Mwanga umepita huku na huku ya unywele, ukajikuta.
Na pale penye giza, si kwamba haukufika.
Umefika mara mbili, ukajifuta.

Ani Tsomo, mdogo wao, mwenye mafua:
"Labda chembe zinasukumana, kama sisi mlangoni pa jikoni."
Hata ukiziachia moja moja, nikamwambia,
leo moja, kesho moja, wiki ijayo moja,
kila moja ikatua peke yake kama tone la nta,
mwisho zitatunga shanga zilezile.
"Basi hiyo ya peke yake ilipita wapi?"

Hapo ndipo chaki huniishia mkononi.
Tukiweka mlinzi, hujibiwa: kushoto. Au: kulia.
Na shanga hupotea.
Tusipouliza, swali lenyewe halina pa kukaa.

Nikaharakisha, maana nayajua mabango ya mjini kwetu,
yungiyungi na atomu pamoja, semina ya siku mbili, rupia elfu tisa:
"Msije mkasema fizikia imethibitisha vitabu vyenu.
Mlinzi si lazima awe na roho. Bati linatosha.
Vumbi linatosha. Hewa yenyewe ni mmbea:
ikishajua chembe ilikopita, siri imekwisha."

Ani Palkyi, mpishi, masizi mpaka kiwikoni:
"Nani kakuambia vitabu vyetu vinangoja cheti?
Sisi hubishana uani kila alasiri, tukipiga makofi,
kama sufuria ni sufuria kabla ya supu, na mkono, na njaa.
Hatujamaliza. Nanyi hamjamaliza.
Nauliza kidogo tu: huyo aulizaye,
njia yake yeye inajulikana, kabla hajaulizwa?"

Nikafungua mdomo. Umeme ukakatika.

Leza, yenye betri, ikabaki.
Gizani shanga zikakoza.
Kwa rula na mshumaa tukapima shanga hadi shanga,
tukazidisha, tukagawanya, tukapata unene wa unywele:
mikroni sabini na mbili. Tsomo akaandika, akapiga chafya.
"Na unene wa mwenyewe?" akauliza Palkyi,
asingoje jibu; dengu zilikuwa zinaungua.

Usiku, chini ya mablanketi matatu yanukayo siagi.
Simu haina mtandao, siku ya nne.
Jumatatu mama aliingizwa chumba cha upasuaji.
Kuna sauti ndani yangu isemayo:
maadamu hujauliza, bado yuko kote kuwili.
Nainyamazisha. Mama si chembe.
Hewa ya wodi ile imeshajua, hewa mmbea,
manesi wameshajua, shuka zimeshajua.
Asiyejua ni mimi,
na kutojua kwangu hakumwongezei pumzi.

Napapasa utosini, pale nilipong'oa.
Panauma bado, kidogo,
bila rula, bila mshumaa,
bila kuulizwa na mtu.